Mwasumini Nilioogopa Kuukata

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, ndani ya kichochoro ambacho watu wawili wakikutana lazima mmoja ageuke ubavu. Nyuma yake palikuwa na ua mdogo, hautoshi kutandika mikeka mitatu, na kwenye ukuta wa ua huo ulitambaa mwasumini. Hakuna aliyejua ulipandwa lini. Mama anasema alizaliwa akaukuta. Ulikuwa umepanda juu ya fito zilizofungwa kwa kamba, na jioni za kaskazi, magharibi ikiingia, harufu yake ilipita ukumbini ikatoka mpaka nje. Ukijua umefika kwa bibi kabla hujapiga hodi.

Bibi alipofariki, nyumba ikaingia kwenye mirathi na warithi wakakubaliana iuzwe. Wiki ya mwisho kabla ya funguo kukabidhiwa nilikwenda na mkasi wa kushonea na taulo lililoloweshwa maji, nikakata vitawi 12. Sikuwa nimewahi kupanda kitu maishani ila maharagwe ya somo la sayansi shuleni. Nilijua jambo moja tu, kwamba sitaki harufu ile ipotee.

Kosa la kwanza lilianzia papo hapo mkononi. Nilichagua ncha za matawi, zile laini za kijani, kwa kuwa ndizo nilizoziona zina uhai zaidi. Kumbe ncha ndizo hunyauka kwanza; hazina akiba ya kuzishikilia mpaka mizizi itoke. Tawi la kufaa ni lililoanza kukomaa, unene wa penseli, ambalo ukilikunja linapinda bila kuvunjika. Unakata kipande cha sentimita 15 hivi chenye vifundo vitatu au vinne, na mkato wa chini unaupitisha karibu kabisa na kifundo, maana hapo ndipo mizizi hupenda kutokea. Majani ya chini unayatoa, unabakisha mawili ya juu, nayo unayakata nusu ili yasipoteze maji. Na mkasi wa kushonea haufai hata kidogo, unaliponda tawi badala ya kulikata.

Haya yote niliyajua baadaye. Siku ile nilivichomeka vitawi vyangu kwenye kopo la udongo, nikaliweka barazani panapopiga upepo wa bahari. Baada ya siku kumi, tisa vilikuwa vimekauka. Vitatu vilivyobaki aliviokoa binamu yangu: alichukua chupa kubwa za maji za plastiki, akazikata vitako, akavifunika nazo kimoja kimoja na kuvihamishia kivulini. Ndani ya chupa unyevu haukuwa na pa kwendea, majani yakabaki mabichi. Wiki ya sita nilikivuta kimoja taratibu kwa vidole viwili, kikagoma. Nilikaa pale chini kwa muda, nimeshika kile kitawi kilichogoma, nikamwita mama aje aone.

Nyumbani kwetu ni Kisauni, hukohuko Mombasa. Niliupanda mti wa kwanza chini ya mwembe, kwa kuuhurumia. Nilidhani jua letu litauunguza. Ukarefuka, ukawa mwembamba, majani mbalimbali kama mtu anayetafuta njia gizani. Mwasumini wataka jua, saa tano au sita za jua la wazi kwa siku, na ukikosa hilo hautakufa, utaishi tu bila kutoa kitu. Kosa hilo peke yake lilinila mwaka mzima.

Kisha yakaja maji. Kisima chetu kina chumvi. Twakitumia kufulia na kudekia, ya kunywa twanunua kwa wauza maji wa mikokoteni, mitungi ya lita 20. Nani atamwagilia ua kwa maji ya kununua? Nikatumia ya kisima. Mwezi wa tatu kingo za majani zikaanza kugeuka kahawia na kujikunja, kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto, na juu ya udongo pakatanda utando mweupe. Niliuonja kwa ncha ya ulimi. Chumvi. Tangu hapo nimeweka pipa chini ya mlizamu wa paa, na maji ya mvua yakiisha nauwekea mwasumini maji tuliyooshea mchele na mboga. Ukibidi kunywa ya kisima, naumwagilia mengi mara moja yapite mpaka chini na kuisukuma chumvi, wala siunyunyizii kidogo kidogo kila siku, kwani hivyo ndivyo chumvi inavyojazana juu.

Hapo hapo majani mapya yalikuwa yakitoka ya manjano na mishipa yake ikabaki kijani, wazi kabisa, mithili ya ramani yenye mito. Nikadhani ni njaa, nikaongeza mbolea. Haikuwa njaa ya mbolea. Ardhi yetu pwani, hasa karibu na bahari, chini yake ni mawe ya matumbawe, nayo yamejaa chokaa. Chokaa ikizidi huyafunga madini ya chuma udongoni. Chuma kipo lakini mizizi haiwezi kukinyonya. Mvua ya mwaka ilipoanza nilichimba shimo jipya kando ya ukuta wa mashariki, upana wa sentimita 60 na kina kama hicho, nikayatoa mawe, nikajaza udongo mwekundu uliochanganywa na mboji ya majani ya mwembe. Nikauhamishia huko mmoja wa miti yangu, juu nikautandikia makumbi ya madafu. Makumbi yapo bure kwa kila muuza madafu, nayo hukaa na maji siku nyingi. Mtu mmoja mwenye nia njema aliniambia niongeze majivu ya jikoni. Kwenye udongo mwekundu wa bara sina shida nayo, lakini kwetu ni kutia chokaa juu ya chokaa.

Baada ya hapo ukaanza kupendeza. Nilipata samadi ya kuku kwa jirani anayefuga, nikautilia kila mwezi. Loo, ulivyonawiri! Matawi yalipita kimo changu, yakafika juu ya ukuta, majani mapana yenye kung'aa, mawili mawili yakikabiliana. Mwasumini haujishikizi wenyewe kama mmea wenye vikono. Matawi yake huegemea tu na kujizungusha kidogo, kwa hiyo niliutengenezea kiunzi cha fito nilichofunga kwa kamba ya katani, kama nilivyouona kwa bibi, na kila tawi nikalifunga kwa kitambaa laini. Watu wakija wakiusifu. Maua hapakuwa na hata moja.

Mwaka wa pili ukapita hivyo. Nilikuwa nikienda kila alasiri kutazama ncha, nikirudi mikono mitupu. Nilianza kuamini yale ambayo shangazi alisema, kwamba mti umemfuata mwenyewe.

Mama ana rafiki yake, bi mkubwa wa Mji wa Kale, ambaye ameshona vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia vya kuvaa, tangu usichana. Alikuja kututazama siku ya Idi, na baada ya kahawa akaomba aonyeshwe huo mwasumini wa marehemu. Alisimama mbele yake kitambo. Akalishika tawi moja, akalifuata kwa kidole kutoka shinani mpaka nchani.

"Mwanangu, huu umeukata mara ya mwisho lini?"

"Sijaukata, bi. Ndio ukumbusho niliobaki nao wa bibi. Naogopa kuuharibu."

"Bibi yako akiukata kila mwaka. Na kila jioni akiuchuma." Akaliachia lile tawi. "Asumini hutoka kwenye tawi jipya. Sasa matawi mapya yatatoka wapi, na haya ya zamani umeyaacha yamelala juu yake?"

Nikakumbuka. Kweli kabisa, wakati wa kusi, siku za baridi, kulikuwa na rundo la matawi katikati ya ule ua, na sisi watoto tukilirukia na kujifanyia vibanda. Bibi alikuwa ameketi kwenye kibao cha mbuzi na kisu mapajani, ukuta nyuma yake umebaki na vijiti vitupu. Niliiona picha hiyo yote, na kile kisu chenye mpini uliofungwa kitambaa. Miaka yote niliibeba harufu nikakisahau kisu.

Akaniuliza naulisha nini. Nilipomtajia samadi ya kuku akatikisa kichwa. Samadi hiyo ni kali, naitrojeni yake huupeleka mti wote kwenye majani. Akaniambia niiache kabisa msimu huo, nitie ya ng'ombe iliyooza vizuri mpaka haina harufu, na maganda ya ndizi ndani ya mboji.

Nilinunua mkasi wa kupogolea, nikaupangusa kwa spiriti, na Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti nikauanza. Kata ya kwanza ilinitia uzito moyoni kuliko nilivyotarajia. Nilitoa kwanza yaliyokauka na yaliyosongana, kisha yaliyobaki nikayapunguza theluthi mbili, kila kata juu kidogo ya kifundo chenye macho mawili. Nilipomaliza, kiunzi kilikuwa kitupu na rundo lilinifika kiunoni. Mama alitoka, akaangalia, akarudi ndani bila neno. Usiku ule sikulala vizuri.

Siku ya kumi na moja macho yalifunguka. Kila kifundo kilitoa vichipukizi viwili, na wiki ya sita, kwenye ncha ya kila kichipukizi, nikaona vijitumba vitatu vitatu vya kijani, vidogo kuliko punje ya mtama. Vuli ilikuwa imeanza kunyesha. Usiku wa kwanza zilichanua saba. Sikuzichuma. Nilimtoa mama na kiti chake, tukakaa nje gizani, tusiseme kitu. Halafu akasema, "Ndiyo yenyewe," akainuka akaenda kuswali isha.

Kuchuma nako ni elimu, na hapa ndipo bi mkubwa alipokuwa mwalimu kwelikweli. Asumini huchanua usiku, na ukingoja ichanue ndipo uichume, asubuhi itakuwa imeshachoka, petali zimeanza kuingia wekundu wa zambarau. Unachuma tumba, wala si ua. Na tumba linachumwa alasiri, jua likishapungua makali, kabla ya magharibi. Si kila tumba. Lile la kijani-kijani ukilichuma halitafunguka kamwe, umelipoteza. Unatafuta lililojaa, jeupe kama lulu, ncha yake imevimba ikawa mviringo, na ukiligusa kwa kidole linaitikia, si gumu. Hilo ndilo la leo usiku. La kesho liko pembeni yake, jeupe pia lakini limebana, na kulitofautisha nilihitaji jioni nyingi. Unalikata kwa ukucha chini ya kile kikombe kidogo cha kijani, bila kulivuta, kwa sababu ukilivuta unang'oa na wadogo zake.

Nilikuwa nikiweka matumba kwenye mfuko wa plastiki. Yalitokwa jasho yakageuka kahawia kabla ya isha. Sasa nayaweka juu ya jani la mgomba, nayafunika kitambaa kibichi kilichokamuliwa sana. Bi mkubwa alinifundisha kuyatunga: sindano nyembamba, uzi wa pamba, unachoma kwenye ule mrija mwembamba chini ya tumba, la kwanza ukilielekeza kulia, la pili kushoto, mpaka uzi ujae na usionekane. Koja la kumvika bwana harusi hula matumba mamia. Mimi nilianza na uzi wa kufunga nywele. Kikuba chenyewe ni kazi nyingine, kina rihani na waridi, na mkadi ukipatikana, na vidole vyangu bado havijafika huko. Alivyokuwa akishona, macho hayakuwa kwenye sindano. Alikuwa akiniambia habari za bibi, jinsi siku za arusi alivyokuwa akitoa asumini kwa mtaa mzima, na hakumtoza mtu hata senti. Yale matumba yaliyo mikononi mwetu yalikuwa yameanza kujifungua tukiwa twazungumza, moja moja, petali zikiachana polepole, na chumba kikabadilika harufu.

Jambo hili la kuchuma lilinishangaza kwa sababu nyingine. Kadiri nilivyochuma, ndivyo ulivyozidi kutoa. Kila mshada ukiisha, nakata ile ncha vifundo viwili chini, na hapo hutoka mingine. Msimu wa kaskazi wa mwaka ule kuna jioni nilizojaza bakuli la uji.

Nimesema vitawi vitatu vilipona, navyo vikawa miti mitatu. Mmoja ulikufa kwa kusimama kwenye maji wakati wa mvua ya mwaka, kwenye chungu ambacho tundu lake la chini liliziba. Mizizi ya mwasumini haistahimili kulowana siku nyingi. Kwa pupa ya kutaka kuujazia nafasi nilinunua mche kwa muuza miche wa kando ya barabara, akaniapia ni asumini. Ulipochanua ulikuwa na maua meupe mengi mno, mazuri kuyaona, yenye petali nyembamba kama nyota. Ukinusa, hakuna kitu. Ni jamaa yake, mwingine kabisa. Alama niliyoijua baadaye ni majani: ya ule yalikuwa na vinyweleo laini ukiyapapasa, na ya asumini yetu ni laini tupu. Siku hizi mtu akiniuliza wapi anunue, namwambia asinunue. Aje nyumbani achukue kipande. Mti wenyewe ni vigumu kuzaa mbegu, kwa hiyo takriban kila mwasumini uliopo ulitoka kwa mkono wa mtu mwingine. Njia rahisi kuliko zote ni kulilaza tawi la chini udongoni, kulikwaruza kidogo kwenye kifundo, kulibana kwa jiwe, na kulisahau miezi miwili au mitatu. Linaota likiwa bado lanyonya kwa mama yake, kisha unalikata.

Mjomba wangu, aliyekuwa baharia, alipouona alicheka kwa furaha. Alikuwa ameuona Manila, watoto wakiuza makoja yake milangoni mwa makanisa. Huko wanauita sampaguita, nao ndio ua la taifa la Ufilipino tangu 1934. Jirani zetu Wahindi wanauita mogra na kuuvaa nywelini, Waarabu wanauita ful. Wataalamu wanauita Jasminum sambac, na asili yake ni huko Asia ya Kusini. Kwetu umefika na bahari. Naupenda zaidi kwa kujua hivyo. Bibi alikuwa na watu wengi duniani waliokuwa wakifanya alichofanya, saa ile ile ya jioni, wala hakuwajua.

Maudhi hayaishi. Vidung'ata huja wakati wa ukame, vipamba vyeupe kwenye maungio ya majani, na sisimizi wanavilinda kwa ajili ya ule utamu vinavyotoa. Nikiwaona sisimizi wanapanda najua tayari vidung'ata vimefika. Navipangusa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni ya kipande. Kibaya zaidi ni kiwavi mdogo anayetoboa matumba. Tumba linageuka zambarau likiwa bado limefumba, lina tundu la ukubwa wa ncha ya sindano, na ndani ni unga tu. Mwaka jana alinila nusu ya msimu. Sipulizi dawa, kwa kuwa ua hili linawekwa nywelini, mtotoni, juu ya mto wa kulalia. Nachuma kila tumba lenye alama, hata la kijani, nalitia kwenye ndoo ya maji ya sabuni, wala silitupi chini, kwani akianguka udongoni atamalizia hukohuko na kurudi. Ni kazi ya kila siku. Naifanya.

Bi mkubwa hatoki tena siku hizi, miguu imekataa. Wakati wa kaskazi nampelekea matumba kwenye jani la mgomba siku za Alhamisi, nafika kabla ya magharibi, kwa sababu anataka kuyaona yakifunguka mwenyewe. Huyashika kwenye kiganja, hayanusi kwanza. Huyahesabu.

Wiki mbili zilizopita nimeupogoa tena, mara ya nne sasa. Jirani mgeni aliyehamia mwezi uliopita alichungulia ukutani akaniuliza kwa huruma kama mti wangu umekufa. Nilimwonyesha vifundo. Leo asubuhi, kwenye kile cha tatu kutoka chini upande wa kisimani, kuna vichipukizi viwili, urefu wa punje ya mchele.